Nimeenda Zuffenhausen kuiona Porsche 935, haya ndo maoni yangu

Nina miaka sita Ujerumani na kila mwaka najiambia mwaka huu lazima niende Zuffenhausen, ule mtaa wa Stuttgart wenye kiwanda cha Porsche, mwaka unakatika sijaenda, mpaka mwezi uliopita nikapata Jumamosi moja haina shifti nikasema leo ndo leo. Nikapanda treni mpaka Stuttgart mjini, pale nikachukua S6 nikashuka kituo cha Neuwirtshaus, ukitoka tu nje makumbusho ya Porsche haya hapa usoni kwako, jengo kubwa jeupe limebebwa juu na nguzo tatu utadhani limepigwa jeki. Lilifunguliwa 2009. Ukiingia tu chini pale kuna gereji yenye ukuta wa kioo, mafundi wako ndani wanafanya kazi kwenye magari ya zamani na wewe umesimama unawaangalia, na pale peke yake nilisimama karibu nusu saa kabla sijapanda juu.

Sasa niseme kabisa kwamba sikwenda kuangalia magari yote. Mi nilikwenda kwa ajili ya gari moja na ndugu zake, Porsche 935, ile gari ya mashindano ya masaa mengi iliyotengenezwa kutokana na 911 Turbo ya barabarani, ikachongwa na kuchongwa mpaka kilichobaki cha 911 ni paa, milango, kioo cha mbele na mahali injini ilipokaa.

Kwanini hiyo. Mzee wangu ni fundi injini, sasa hivi kastaafu, gereji yake ilikuwa Dar chini ya mwembe na mi nimekulia pale nashika tochi. Kipimo chake cha gari hakikuwa mbio wala rangi. Gari ikiingia anafungua boneti, anaangalia kimyaa, alafu anasema "aliyeitengeneza hii alimkumbuka fundi" au "huyu hakumkumbuka". Basi. Kwaiyo nataka niipime 935 kwa kipimo hicho hicho, nipime kama bidhaa, maana watu wengi wakiiona kwenye picha na zile rangi za Martini, kampuni ya kinywaji iliyokuwa inawadhamini, wanadhani ilikuwa gari ya kiwanda tu ya kujionyesha, kumbe ilikuwa inauzwa. Ukiwa na hela na timu yako unaletewa gari kamili ya mashindano, unaenda kuikimbiza hata dhidi ya kiwanda chenyewe kilichokuuzia.

Ili uielewe lazima turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Porsche walikuwa na ile 917 yao ya silinda 12, wakaifunga turbo kwa ajili ya mashindano ya Can-Am kule Marekani, na ile 917/30 ya mwaka 1973 aliyoendesha Mark Donohue ilikuwa na hosipawa 1,100 hivi kwenye mashindano. Kule walijifunza turbo kwa shida kweli. Turbo kwa wasioijua ni hivi, moshi wa eksozi unatoka kwa nguvu unazungusha feni, feni ile imeungwa kwa shafti na feni ya pili inayosukuma hewa ndani ya injini, hewa ikiwa nyingi unachoma petroli nyingi unapata nguvu nyingi, ila hewa ikibanwa inachemka, na hewa ya moto inachukua nafasi kubwa na inaua injini, ndo maana inapitishwa kwanza kwenye intakula ipoe. Ukielewa hiyo sentensi ndefu umeshaelewa nusu ya historia ya 935, nusu nyingine ni hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Wakubwa wa mashindano waliona turbo inaleta nguvu za ajabu wakasema sawa, funga turbo, lakini ujazo wa injini yako tutauzidisha kwa 1.4 ndo tujue unaingia daraja gani. Porsche mwaka 1974 walikuwa wanataka kuingia kwenye daraja la lita 3 na 911, wakatengeneza injini ya sisi 2,142, yaani cc, zidisha kwa 1.4 unapata 2,998.8, yaani wamesimama ukingoni kabisa bila kudondoka. Gari ile, Carrera RSR Turbo, ilikuwa na hosipawa kama 500 na bawa la nyuma kubwa mno, Gijs van Lennep na Herbert Müller wakaipeleka Le Mans, yale mashindano ya masaa 24 ya Ufaransa, mwaka huo huo ikatoka ya pili, mbele yake ikiwa Matra tu ambayo ilikuwa gari ya mashindano tupu kuanzia msumari wa kwanza. Gari yenye umbo la 911, injini nyuma kabisa kuvuka ekseli, ya pili Le Mans. Mi nikisoma matokeo yale hadi leo nasisimka.

Alafu Oktoba 1974 wakaonyesha 911 Turbo ya barabarani pale Paris, lita 3, hosipawa 260, na hiyo ndo iliyofungua mlango, maana kuanzia 1976 kulikuwa na kanuni mpya zinaitwa Grupu 5, gari yako lazima itokane na gari inayouzwa dukani, lakini ukishatimiza hilo unaruhusiwa kuibadilisha vibaya sana.

Hapo ndo anaingia injinia Norbert Singer, na mi kama ningeambiwa nitoe nyota kwa mtu mmoja tu kwenye habari hii yote ningempa huyu mzee. Kanuni ilisema boneti, paa na milango ibaki kama ilivyo kwenye gari ya dukani, ila madigadi unaruhusiwa kuyachonga utakavyo. Singer akakaa akaangalia 911, taa za mbele ziko wapi? Ziko kwenye madigadi. Kama ziko kwenye madigadi na madigadi ni ruksa basi na taa ni ruksa, akazikata, akazishusha chini kwenye bampa, pua ya gari ikawa bapa kama koleo, upepo unaikandamiza chini badala ya kuiinua. Hakuvunja kanuni hata moja. Alisoma tu kile kilichoandikwa, neno kwa neno, kama wakili.

Injini sasa. Safari hii walilenga daraja la lita 4, kwaiyo sisi 2,857 mara 1.4 ni 3,999.8. Unaona tena? Uzito wa chini wa daraja hilo ulikuwa kilo 970, wao gari walikuwa wameijenga nyepesi, ikiwa tupu iko kama kilo 900, kwaiyo ikabidi waongeze vyuma vya uzito kufikia kanuni, na vyuma vile hawakuviweka popote, waliviweka mbele ili kusawazisha injini iliyoko nyuma. Yaani kanuni inakulazimisha ubebe mzigo na wewe unaufanya mzigo ukufanyie kazi. Nguvu ilikuwa hosipawa 590, turbo moja kubwa ya kampuni ya KKK, gia nne tu, springi za titani, breki zimetoka kwenye 917, rimu za nyuma inchi 19 kwa kimo na inchi 15 kwa upana. Ukisimama nyuma ya gari hii tairi zile ndo kitu cha kwanza kinachokuingia machoni, kila moja ni pana kama kiti cha abiria.

Mwezi wa tatu 1976 Jacky Ickx na Jochen Mass wakashinda nayo Mugello kule Italia kwenye mashindano yake ya kwanza kabisa, ikafuata Vallelunga wakashinda tena, kila mtu akajua msimu umeisha. Haukuisha. Intakula yao ilikuwa imekaa nyuma juu kiasi kwamba kifuniko cha injini cha gari ya dukani hakifungi, wakubwa wakasema hapana, kifuniko cha asili lazima kifunge. Ikabidi watoe intakula ya hewa waweke ya maji, ndani ya muda mfupi, na kazi ya haraka mnaijua ilivyo, Silverstone klachi ikamfia Ickx mwanzoni tu na BMW na ile 3.5 CSL yao wakashinda, wakashinda na Nürburgring na Austria. Porsche wakaja kuamka Watkins Glen na Dijon wakachukua ubingwa. Hii naiweka kama lawama yangu ya kwanza kwa bidhaa hii, ukisimama ukingoni mwa kanuni siku zote, siku kanuni ikisogea hatua moja wewe unadondoka na gari inapoteza nusu msimu.

Kuiendesha. Hapa siwezi kudanganya watu, sijawahi kuigusa hata usukani, lakini madereva walioiendesha wameieleza miaka na miaka na mafundi wake pia, na ukijua kilichomo ndani unaweza kuona kwanini. Turbo moja kubwa ni nzito kuamka. Unakanyaga, hakuna kitu, unahesabu, hakuna kitu, alafu hosipawa 590 zinakuja zote kwa mpigo kama lori limekugonga nyuma, kwaiyo ilibidi ukanyage mafuta mapema ukiwa bado uko ndani ya kona ili nguvu ifike wakati unatoka, ukikosea hesabu umeenda. Juu ya hapo difu ilikuwa imefungwa kabisa, tairi mbili za nyuma zinazunguka sawasawa kama zimechomelewa, kwaiyo kwenye kona kali pua inagoma kugeuka mpaka uilazimishe. Angalia picha za zamani utaona 935 ziko kwenye kona tairi moja ya mbele iko hewani. Na pembeni ya dereva kuna kinobu, ukikizungusha unaongeza presha ya turbo, mafundi wanaita busti, unataka kumpita mtu unazungusha, alafu unarudisha kabla injini haijalipuka. Mzee wangu angemkataza mteja wake kugusa hiyo kitu. Nyuma huko kila dereva akiachia mafuta unatoka moto kwenye eksozi, usiku Le Mans ulikuwa unajua 935 inakuja kabla hujaisikia.

1977 walijibu malalamiko ya turbo kuchelewa, badala ya moja kubwa wakaweka mbili ndogo, ndogo zinaamka haraka, hosipawa zikafika 630. Na Singer akarudi tena na kitabu chake cha kanuni, paa na kioo cha nyuma vibaki, sawa vipo, hakuvitoa, ila juu ya kioo cha nyuma cha asili akapandisha kioo cha pili kilicholala zaidi ili upepo upite vizuri ufike kwenye bawa. Gari moja vioo viwili vya nyuma kimoja juu ya kingine. Lakini ile ya turbo mbili kiwanda walibaki nayo wenyewe, wateja mwaka huo waliuziwa ya turbo moja kama ya mwaka uliopita, na hiyo ndo lawama yangu ya pili, naelewa kibiashara lakini mteja aliyelipa anapangwa gridi moja na muuzaji mwenye kitu bora, inauma.

Mwaka huo huo wakatengeneza na ile ndogo wanayoiita Baby. Kisa chake ni kwamba kwenye ubingwa wa Ujerumani daraja kubwa lilikuwa limejaa Porsche tupu, watu wameshachoka, msisimko ukahamia daraja dogo la lita 2 kati ya BMW na Ford, Porsche wakaona isiwe tabu tunakuja na huko. Injini sisi 1,425, zidisha mwenyewe, ni 1,995. Hosipawa 370 kutoka kwenye injini ambayo ujazo wake ni kama wa Corolla. Kwenye uwanja wa Norisring joto la ndani ya gari lilimshinda Ickx akaacha, wakarudi nyumbani wakarekebisha, Hockenheim akawaacha wenzie mbali mno, alafu wakaiegesha. Hawakuhitaji kusema zaidi. Mi naipenda hii kuliko nguvu zote za zile kubwa.

Sasa niliyoiona mimi kwa macho siku ile ni ya 1978, 935/78, wanayoiita Moby Dick, jina la yule nyangumi mweupe wa kwenye riwaya, kwa sababu ni nyeupe na ni ndefu, mkia unaenda unaenda hauishi. Hii nayo hesabu, sisi 3,211 mara 1.4, wakapanda daraja la lita 4.5. Silinda zilipozwa kwa hewa kama kawaida ya 911 lakini hedi zikapozwa kwa maji, valvu nne kila silinda, hosipawa 845. Kanuni zilikuwa zimeruhusu watu kukata sakafu kidogo kupisha mabomba ya eksozi, Singer akakata sakafu nzima akaishusha bodi yote chini karibu sentimita 8. Giaboksi ikageuzwa juu chini ili ilingane na kimo kipya. Na kitu kilichonishika sana pale, usukani uko kulia! Kama gari zetu za nyumbani. Viwanja vingi vya mashindano vinazunguka kwa mwendo wa saa, kona nyingi ni za kulia, dereva akikaa kulia uzito unakaa upande unaotakiwa na kona anaiona vizuri. Kwenye ule mnyoosho mrefu wa Le Mans ilipimwa kilomita 366 kwa saa. Gari yenye paa la 911.

Lakini nikiipima kama bidhaa Moby Dick siipi zaidi ya nyota tatu na najua watu watanishukia. Ilishinda Silverstone masaa 6 kwa kuacha watu mizunguko saba, sawa, ni unyama. Le Mans iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili yake ikatoka ya nane, inakunywa petroli kama haina kesho na mafuta ya injini yanavuja. Ilikimbia mashindano machache mno kiwanda wakaipumzisha. Kwa mteja wa kawaida haikuwepo. Ni gari ya kuonyesha Singer anaweza kufika wapi, na alifika, lakini fundi wa nje hakuwekewa mlango.

Niseme kidogo kitu kimoja ambacho kilinijia nilipokuwa naangalia ile michirizi ya Martini, maana mwaka ule ule wa 1978 rangi hizo hizo zilikuwa Kenya, Porsche 911 SC zimeinuliwa juu zimewekewa vyuma mbele kwa ajili ya Safari Rally, Vic Preston Jr wa Kenya akatoka wa pili na Björn Waldegård wa nne, aliyeshinda akiwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504. Kiwanda kimoja, mwaka mmoja, 911 moja inashushwa chini mpaka inakwangua lami, nyingine inapandishwa juu ivuke matope. Mzee anaikumbuka ile Peugeot zaidi, ni haki yake.

Turudi kwa mlango wa fundi, maana hapa ndo nilikuwa nataka kufika. Köln kulikuwa na ndugu wawili, Erwin na Manfred Kremer, walikuwa na timu yao na gereji yao, wateja wa Porsche. Walinunua 935, wakaifungua, wakaanza kujiuliza maswali. Wakatengeneza K1, K2, mpaka 1979 wakaja na K3. Ile intakula ya maji iliyoleta shida tangu 1976 wakaitupa, wakarudisha ya hewa, wakaipangia mahali pake ndani ya kanuni. Bodi wakaibadilisha, nyingi yake ikawa ya kevla, zile nyuzi nyepesi ngumu, wakaunda upepo upya kuanzia madigadi mpaka paa. Hawakuwa na bajeti ya kiwanda. Walikuwa na gari ambayo chini ya yote ile ilikuwa bado 911, bodi ya chuma unayoweza kuikata na kuichomelea, injini unayoijua kila bolti, na kiwanda kinachokuuzia spea na kukuacha ufanye unachotaka.

Le Mans 1979 kiwanda walileta 936 zao mbili, gari tupu za mashindano zisizo na paa, hizo ndo zilitakiwa kushinda. Zikashindwa moja moja. Ya Ickx na Brian Redman ilienguliwa, mkanda unaozungusha pampu ya sindano za petroli ulikatika Ickx akiwa barabarani na akapokea msaada kutoka nje, kitu ambacho ni marufuku, dereva lazima ajitengenezee mwenyewe na alichonacho ndani ya gari. Sasa sikiliza. Mvua inanyesha mno, K3 ya Kremer namba 41 inaongoza, Klaus Ludwig kafanya kazi kubwa kwenye maji yale, Jumapili yuko ndani Don Whittington wa Marekani, ugonjwa ule ule, mkanda wa pampu ya petroli ukaachia. Gari imezima kando ya barabara, piti, yaani gereji ya timu pale uwanjani, iko mbali. Jamaa akashuka, akafungua nyuma, akahangaika peke yake kwenye mvua, mwishowe akachukua mkanda wa olternata, ile ya kuchaji betri, akaufunga kwenye pampu, injini ikawaka, akajikongoja mpaka piti. Mkanda wa olternata! Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha nikiwa peke yangu chumbani, maana hiyo ni kitu nimeona kwa macho yangu chini ya mwembe mara ngapi sijui, gari ya mtu imekuja inatembea kwa kitu ambacho siyo chake.

Wakashinda, Ludwig na Don na mdogo wake Bill. Ya pili nayo ni 935, ya timu ya Dick Barbour, ndani yake Rolf Stommelen, Barbour mwenyewe na Paul Newman, ndiyo, yule mwigizaji wa sinema, akiwa na miaka 54, nao walipoteza dakika nyingi sana piti kwa sababu nati ya tairi iligoma kutoka. Ya tatu 935 nyingine ya Kremer, na mmoja wa madereva wake, Laurent Ferrier, baadae akaja kufungua kampuni ya saa za mkono zenye jina lake. Ya nne ni 934, mdogo wake. Hadi leo hakuna gari nyingine yenye injini nyuma ya ekseli iliyowahi kushinda Le Mans, ni hiyo K3 tu, na haikuwa ya kiwanda.

Marekani ndo usiseme. Daytona masaa 24 kuanzia 1978 mpaka 1983, miaka sita mfululizo, mshindi ni 935, na kila mwaka ni timu tofauti, Brumos, Interscope, Joest, Garretson, JLP, Swap Shop. Timu sita! Sebring masaa 12 ilishinda hata 1984, wakati huo gari imeshakuwa kizee inapambana na magari ya kizazi kingine kabisa. Hiyo ndo sababu nasema hii ilikuwa bidhaa. Gari ya kushinda kiwanda wakiwa nayo wenyewe zipo nyingi. Gari ambayo unaiuza kwa watu baki, kila mmoja anaifungua kwake na kuichonga kwa akili yake, na wote wanashinda, hiyo mi sijaona nyingine kama hiyo.

Lawama ya tatu ni nzito na siwezi kuipita. Rolf Stommelen, ambaye jina lake ukiangalia liko kila mahali, Le Mans 1976 wa nne akiwa na mwenzake Schurti, Moby Dick, ushindi wa Daytona mara nne, alifariki Aprili 1983 Riverside California akiwa kwenye 935 iliyojengwa kwa mfano wa Moby Dick, bawa la nyuma liliachia akiwa kwenye kasi. Uhuru wa kuchonga una bei. Kila mtu alikuwa anaongeza presha, anaongeza mkia, anaongeza bawa, na chini yake ni bodi ya gari iliyochorwa miaka ya 60. Nilikaa muda mrefu naangalia bawa la ile nyeupe pale, kwenye viungo vyake, nikimfikiria.

Mwaka 2018 Porsche walitoa 935 mpya, gari 77 tu, imetokana na 911 GT2 RS, hosipawa 700, bei euro 701,948 kabla ya kodi. Nzuri mno kuitazama, mkia mrefu, kinobu cha gia cha mbao kama cha 917, taa za nyuma ziko kwenye bawa. Ila haikusajiliwa kwa ubingwa wowote wala haitembei barabarani, ni ya mtu kwenda nayo uwanjani siku yake kufurahi, alafu irudi kwenye turubai. Hakuna ndugu wawili watakaoinunua waifungue. Nampongeza aliyeichora na naishia hapo.

Kwa anayetaka kwenda, Jumatatu wamefunga. Magari yao wanayatoa wanayapeleka kukimbia sehemu mbalimbali na kuyarudisha, kwaiyo kama una gari moja moyoni ulizia kwanza kama iko nyumbani wiki hiyo. Na ile gereji ya kioo usiipite, anzia hapo au malizia hapo.

Mi nilimpigia mzee simu ya video nikiwa mbele ya Moby Dick. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, uko wapi huko kweupe hivyo. Nikamgeuzia kamera, nikaipitisha taratibu kutoka kwenye pua mpaka mwisho wa mkia, kimyaa, nikajua anaangalia kama zamani. Akauliza injini wanaishushia wapi. Nikamwambia nyuma, mkia wote unatoka. Akauliza giaboksi, nikamwambia imegeuzwa juu chini, akasema "mh". Alafu nikamsimulia ya Köln, wale ndugu wawili, mvua, mkanda wa pampu, mkanda wa olternata. Akanirudisha mara mbili kwenye mkanda, ulikuwa unaingia vipi, urefu haukupishana? Nikamwambia sijui baba, ila uliingia.

"Basi," akasema, "nitafutie picha ya hiyo. Hii ndefu iache."